Maswali ya Wasomaji: Mosfeti ya Juu Inaungua Kila Ninapotoa Balbu

SWALI: Ndugu Mhandisi, mimi ni fundi wa Tandika, Dar es Salaam. Ninaunda chaja ya resonansi kwa ajili ya betri za bajaji za umeme. Nimetumia mosfeti (swichi za kielektroniki) mbili za IRFP460, moja ya juu na moja ya chini, zilizochomolewa kwenye mashine chakavu, nikiziendesha kwa draiva ya IR2110 (chipu inayoziwasha na kuzizima) kwenye kilohezi 90. Kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) inayolisha upande wa juu wa draiva ni ya nanofaradi 100, na dayodi yake (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ni 1N4007. Koili na kapasita ya resonansi zimefungwa mfululizo: mikrohenri 60, nilizopima pamoja na transfoma huku waya za upande wake wa pili zikiwa zimeshikanishwa, na nanofaradi 47. Nikiweka balbu ya wati 100 mfululizo na umeme wa ukutani, chaja inafanya kazi. Nikiitoa, mosfeti ya juu inaungua papo hapo. Nimeshabadilisha draiva mara tatu. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu fundi, usinunue draiva ya nne. Naona makosa mawili katika maelezo yako, na la pili ndilo zito zaidi.

Sosi ya mosfeti ya juu, yaani mguu wake unaotoa umeme, hupanda na kushuka kati ya sifuri na volti 325 hivi, kwa hiyo draiva huiwasha kwa akiba ya kapasita ile ndogo, ambayo hujazwa wakati mosfeti ya chini imewaka. Geti ya IRFP460, yaani mguu wa kuiwashia, inaweza kumeza hadi nanokulombu 210 kila inapowashwa, na kiasi hicho huishusha kapasita ya nanofaradi 100 kwa volti 2.1. Ukianza na volti 12 na kutoa takriban volti 1 ya dayodi, unabakiwa na volti 8.9, ilhali IR2110 huzima upande wa juu ikifika karibu volti 8.2. Weka mikrofaradi 1, nayo itashuka kwa volti 0.2 tu. Dayodi ya 1N4007 ni ya kugeuza umeme wa hezi 50. Kwa kazi hii inachelewa mno kuziba, hivyo weka UF4007.

Sasa tuje kwenye masafa, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde. Koili na kapasita yako hupatana, yaani huwa katika resonansi, kwenye kilohezi 95, nawe unaendesha kwenye 90, yaani chini ya resonansi. Hapo mkondo huitangulia volteji: unapozima mosfeti moja, mkondo umekwisha kugeuka na unapita katika dayodi iliyomo ndani ya mosfeti hiyohiyo. Ukiwasha ya pili, dayodi hiyo, ambayo katika IRFP460 huchukua zaidi ya nusu mikrosekunde kuziba, huacha umeme wote upite moja kwa moja katika mosfeti zote mbili. Balbu ilikuwa ikiubana mkondo huo, ndiyo maana hukuona hasara hadi ulipoitoa.

Pandisha masafa hadi kilohezi 105 au zaidi. Mkondo utachelewa nyuma ya volteji, na wenyewe utaisogeza volteji ya pale mosfeti mbili zinapoungana kabla hujawasha ya pili. Mkondo wa ampea 2 huhamisha chaji ya kapasita ya nanofaradi 1 kwa volti 325 ndani ya mikrosekunde 0.16, kwa hiyo pengo la mikrosekunde 0.3 baina ya kuzima moja na kuwasha nyingine linatosha. Pengo refu mno nalo ni baya, kwa kuwa mkondo hupata nafasi ya kugeuka. IR2110 haitengenezi pengo hilo. Linapaswa kutoka kwenye saketi inayoilisha.

Kabla ya kurudi kwenye umeme wa ukutani, endesha saketi ya nguvu kwa betri mbili za pikipiki zilizofungwa mfululizo, na draiva kwa betri ya tatu, kisha tazama geti ya mosfeti ya chini kwenye oskiloskopu (kifaa kinachochora volteji kwenye skrini). Mstari unaopanda ukisimama kidogo kama kingazi kwenye volti 5 au 6, mosfeti imewashwa ikiwa bado imebeba volteji. Ukipanda bila kusimama, volteji imekwisha kuondoka. Usijaribu kipimo hiki kwa umeme wa ukutani, kwani kibanio cha oskiloskopu kimeunganishwa na ardhi na kitafanya shoti.