Usimuulize Bibi "Ndugu Zako Wako Wapi?"

Kwa afisa ustawi wa jamii huku Mufindi, mkoani Iringa, "mimi sina mtu" ni jibu la kila wiki. Ukiliandika kwenye jalada kama lilivyo, kinachobaki ni kuomba msaada wa ofisi, na sote tunajua ofisi zetu zina nini. Kwa hiyo nawasihi wenzangu, hasa mliotoka chuoni juzi: kabla hujapendekeza chochote, kaa na mteja mchore ramani ya watu wake.

Njia yenyewe ina miaka. Ann Hartman, mtaalamu wa ustawi wa jamii wa Marekani, alianza kuchora familia na mazingira yake kwa duara na mistari mwaka 1975. Mwaka 1990 wataalamu wengine wawili, Elizabeth Tracy na James Whittaker, wakaja na ramani ya watu wa mteja katika makundi saba: anaoishi nao, ndugu wengine, kazini au shuleni, vikundi na dini, marafiki, majirani, na watoa huduma. Kisha unachukua watu wasiozidi 15 na kuuliza juu ya kila mmoja: anasaidia kwa vitu, kwa kufariji, au kwa ushauri? Anamsema vibaya? Msaada unatoka kwa nani kwenda kwa nani? Wako karibu kiasi gani, wanaonana mara ngapi, wanajuana tangu lini?

Makundi hayo yape sura ya hapa. "Vikundi na dini" kwa mama wa Mufindi ni kikoba, jumuiya, kwaya, na chama cha kufa na kuzikana. "Kazini" ni wale anaochuma nao chai.

Lakini kazi yote iko kwenye namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu ndugu zake wako wapi, unamtia aibu, na mwenye aibu atasema hana mtu. Ulizia matendo. Unga ukiisha jioni, unamtuma mtoto kwa nani? Ulipougua mara ya mwisho, nani alikuchotea maji? Ukibipu, nani anapiga? Ukifiwa, nani anafika kabla hujamwita? Hapo majina yanaanza kutoka, mengine ya watu ambao usingewafikiria kabisa.

Kuna bibi mmoja anayelea wajukuu (mambo mengine nimeyabadilisha asitambulike). Hakusoma, kwa hiyo tulitandaza mkeka tukatumia maharage, kila mtu punje yake, aliye karibu naye akae karibu. Punje ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam aliisukuma mbali, akairudisha, akaisukuma tena.

"Huyu hela anatuma, mwanangu. Ila akipiga simu, ni kunitukana tu."

Mtu kama huyo mwandike kote kuwili, kwenye msaada na kwenye maumivu. Usimfanye mwema ili mpango wako upendeze. Nilipomuuliza sasa nani anampa na nani anachukua kwake, karibu punje zote zilikuwa za wanaochukua. Ukimwacha huyo mwanawe, aliyebaki ni jirani muuza ulanzi (pombe ya mianzi), mwanamke ambaye kijiji kizima kinamsema. Ndiye aliyembeba mjukuu mdogo kwenda kliniki miguu ya bibi ilipovimba. Jalada lilikuwa halina hata jina lake. Bibi aliporidhia, tulikaa na jirani huyo, akakubali kuwa mtu wa kuitwa watoto wakipata shida usiku, na mazungumzo na yule kijana wa Dar tukayaanza upya kwa upole.

Ramani hii ni siri nzito. Ndani yake kuna nani anajua mteja anatumia dawa za kufubaza virusi na nani hajui, na katika mikoa yetu ya Iringa na Njombe hilo ni jambo la kila siku. Usiichore mwenyekiti wa kijiji akiwa amekaa pembeni, hata kama ndiye aliyekuleta. Usiipige picha ukairusha kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Usimfuate mtu aliyetajwa bila ruhusa ya mteja. Kwenye kesi za ukatili kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu aliye karibu kuliko wote anaweza kuwa ndiye anayempiga.

Andika tarehe juu ya karatasi. Baada ya miezi kadhaa choreni nyingine bila kumwonyesha ya kwanza, halafu ziwekeni pamoja na umwache yeye akueleze nani amesogea na kwa nini.