Ukisubiri Kupata Nguvu, Hutarusha Keba

Ujumbe ulionifanya niandike leo umetoka kwa binti wa Mombasa anayesoma uuguzi Ottawa. Kiangazi hiki alikwenda Maxville, mji mdogo huku Ontario, Kanada, kutazama michezo ya Waskoti iitwayo Glengarry Highland Games, akawakuta wanawake waliovaa kilti, ile sketi ya Kiskoti, wakirusha vyuma na mawe, kisha wakabeba gogo zima la mti na kulipindua hewani. Ameniandikia hivi: "Dada, shuleni nilikuwa narusha tufe, na mwili ninao, ila nguvu zimeisha. Nikae jimu mwaka mmoja kwanza, au nifanyeje?"

Mdogo wangu, usikae. Nenda uwanjani. Hilo ndilo jibu langu, na nitalirudia mpaka ulichoke.

Nina haki ya kusema hivyo. Agosti hii, kwenye michezo ya Fergus, mji mwingine wa Ontario, niliipindua keba, lile gogo la mti, ikalala saa sita kamili, yaani sawasawa mbele yangu, na jioni yake nikaitwa mbele kuwa wa kwanza katika kundi la wanawake wa ridhaa. Nililia mbele za watu na sioni haya. Kati ya wote tuliosimama pale, nadhani mimi ndiye niliyekuwa nanyanyua chuma kidogo kuliko wenzangu jimu. Walionishinda kwa misuli walijua kwamba wamenishinda, nami nilijua. Lakini uwanjani haulizwi mtu ananyanyua kilo ngapi.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kidogo. Hii ni riadha nzito ya Waskoti. Ontario imeushika sana kwa sababu familia nyingi za Nyanda za Juu za Uskoti zilihamia huku tangu karne ya 18, na Glengarry yenyewe ni wilaya yao. Michezo ya Fergus ilianza 1946, ya Maxville 1948. Kwa siku moja mtu hushindana karibu yote: mawe, vyuma vya mnyororo vya kurusha mbali, nyundo mbili, chuma cha kurusha juu ya mwamba (mti wa kulala kama ule wa goli), mganda wa nyasi na keba. Kila mchezo unapewa alama kwa nafasi uliyoshika, wa kwanza moja, wa pili mbili, na mwisho mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Maana yake huwezi kushinda kwa kitu kimoja unachokipenda. Lazima uwe mzuri kidogo kwa kila kitu, na hapo ndipo mtu wa jimu peke yake hukwama.

Sasa naomba univumilie nisimulie nilivyofika hapo, maana swali lako niliwahi kulibeba mwenyewe.

Nimesoma Tanga. Shule yetu ilikuwa na tufe moja, na foleni yake ilikuwa ndefu, kwa hiyo sisi wa mwishomwisho tulifanya mazoezi kwa mawe. Nilifika ngazi ya mkoa kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, nikaishia hapo, kisha maisha yakachukua mkondo wake: chuo, ndoa, safari ya Kanada, watoto wawili. Miaka ikapita bila kurusha hata kokoto. Siku nilipoamua kurudi, nilikwenda kwenye klabu moja ya riadha karibu na ninapoishi. Kocha akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. Akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba kwa umri wangu na umbo langu ningefaa zaidi kusaidia kupima umbali wa wenzangu. Akaninyooshea utepe wa kupimia.

Sikuupokea. Nilitoka, nikakaa garini mpaka nikaona naweza kuendesha. Nimewasamehe watu wengi maishani, lakini utepe ule bado nauona.

Mwaka huohuo jirani yangu, mzee mwenye asili ya Uskoti ambaye aliwahi kurusha ujanani, aliniona nikiwabeba watoto wote wawili pamoja na mifuko ya sokoni. Akaniambia kuna kundi linafanya mazoezi Jumapili kwenye uwanja nyuma ya kanisa. Nikaenda. Hakuna aliyeniuliza umri. Waliniuliza kitu kimoja tu: mkono gani wa kurushia? Kisha nikapewa chuma cha ratili 14, kilo sita na kidogo, chenye mnyororo mfupi na pete, nikaonyeshwa jinsi ya kukizungusha.

Hapo ndipo somo lilipoanza, na somo lenyewe ni miguu. Chuma cha kurusha mbali hushikwa kwa mkono mmoja. Una kama mita mbili na robo tatu za kuzungukia, na mbele kuna ubao ambao ukiuvuka umejiharibia. Mgeni hukivuta kwa bega. Kikienda, kinaenda hatua chache, naye anarudi ameshika bega. Aliyefundishwa huacha mkono unyooke, chuma kikamvuta yeye, naye akakimbiza nyonga mbele yake. Bibi zetu walijua jambo hili kwenye kinu: anayetwanga kwa mikono peke yake huchoka kabla mahindi hayajakobolewa. Mwili mzima ndio unaofanya kazi, mkono unafuata.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: jifunze miguu kwanza. Simama uwanjani bila kitu chochote mkononi, zunguka, tua, zunguka, tua. Fanya hivyo jikoni ukingoja ugali. Mimi nilifanya hivyo kwenye korido ya kazini usiku, zamu ikiwa kimya.

Nyundo ni tofauti kidogo, na ndiyo niliyoipenda mapema. Nyundo ya Waskoti haina waya kama ya Olimpiki. Ni mpini mgumu wa zaidi ya mita moja wenye tufe la chuma mwishoni. Unaipa mgongo sehemu unayorushia, viatu vina visu mbele vinavyozama ardhini, na miguu haibanduki mpaka umeiachia. Unaizungusha juu ya kichwa, kila mzunguko ukiwa mkali kuliko uliopita, kisha inakwenda. Wanawake tunarusha ya ratili 12 na ya ratili 16. Hiyo ya 16 ni kilo 7.26, uzito uleule wa nyundo ya wanaume kwenye Olimpiki. Nimewatumia ujumbe huo baadhi ya watu wa nyumbani waliodhani ninacheza mchezo wa kujifurahisha bustanini.

Na nyundo ina hatari zake. Usipite kamwe nyuma au pembeni ya mtu anayezungusha, hata kama umeitwa. Paka viganja utomvu wa msonobari ili mpini usiponyoke, na ukisikia unateleza, simamisha. Hakuna aibu kusimamisha.

Chuma cha kurusha juu ya mwamba kwetu ni cha ratili 28, wanaume 56. Unasimama chini ya mwamba ukiupa mgongo, unakibembeza katikati ya miguu kwa mkono mmoja, kisha unakirusha juu nyuma yako. Hapa tena nitasema miguu. Umeshanielewa.

Mganda ni gunia lililoshindiliwa nyasi kavu, unalichoma kwa uma na kulitupa juu ya mwamba. Sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba watoto wangu wanaupenda kuliko yote.

Mawe hayana uzito mmoja wa dunia nzima. Kila uwanja una yake. Kuna jiwe la Braemar, ambalo hurushwa bila kukimbia wala kuteleza, umesimama tu, na kuna jiwe jepesi unaloruhusiwa kujia kwa mwendo. Hapo yale mawe ya Tanga yalinilipa. Mtu aliyezoea tufe laini la duara husumbuka kutafuta pa kushika. Mimi vidole vyangu vilitafuta vyenyewe.

Keba ndiyo iliyonitesa. Watu hudhani anayeitupa mbali ndiye mshindi. Umbali haupimwi kabisa. Mwamuzi anatembea nyuma yako akiutazama uwanja kama uso wa saa. Gogo likipinduka, ncha ya juu ikapiga chini na ile uliyoishika ikapita juu na kulala mbele, sawasawa na ulikokuwa unakimbilia, hiyo ni saa sita kamili. Likienda kushoto kidogo ni saa tano na nusu, kulia kidogo ni saa sita na nusu. Lisipopinduka, mwamuzi wa pembeni anakadiria lilifika pembe ya nyuzi ngapi.

Wasaidizi wanalisimamisha, ncha nyembamba ikiwa chini. Unachuchumaa, unaliegemeza begani, unalipandisha mpaka vidole vilivyofumana viingie chini yake. Kisha unasimama, na gogo zima liko juu ya kichwa chako likitafuta pa kuangukia. Unatembea, unakimbia, unasimama ghafla, unalivuta juu kwa nguvu zako zote. Msimu wa kwanza halikupinduka hata mara moja. Halikupinduka wa pili pia. Majira ya baridi ya katikati nayaruka, maana theluji haina hadithi, ni kuchuchumaa na chuma mabegani na kusubiri Aprili.

Kilichobadilisha mambo ni video. Binti yangu alinirekodi kwa simu, na usiku nikaona wazi: nilikuwa navuta mapema, gogo likiwa bado limesimama wima. Keba lazima uiache ianze kuinama mbele ndipo uvute. Nguvu nilikuwa nazo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni subira ya kitambo kifupi sana. Mwaka mzima wa jimu usingenipa kitu hicho, kwa sababu jimu hakuna gogo linaloinama.

Ndiyo maana nasema usisubiri. Wanaume wa mazoezi hupenda kunitajia Donald Dinnie, yule Mskoti aliyebeba mawe mawili yenye jumla ya kilo 332 kuvuka daraja la Potarch mwaka 1860. Kweli alikuwa na nguvu za ajabu. Lakini mtu huyo alirusha nyundo, mawe na keba uwanja hadi uwanja kwa miongo mingi ya maisha yake. Wanakumbuka mawe aliyobeba, wanasahau alivyokuwa akirusha mwaka baada ya mwaka.

Ratiba yangu ni rahisi, na naiona inatosha kwa mama mwenye kazi. Narusha mara mbili kwa wiki, siku moja nyundo na mawe, siku nyingine vyuma na keba. Nanyanyua chuma baada ya kurusha, kamwe si kabla, ili miguu iwe mibichi kwa kazi ya kujifunza. Naanza na kifaa chepesi hata kama kizito kinanitazama. Narekodi. Nalala. Viganja navikata sugu na kuvipaka mafuta ya nazi, maana kiganja kilichochanika kinakuweka nje wiki mbili. Vifaa usinunue, kundi lina vyake.

Na sasa niseme la moyoni. Dada zangu tulioko ughaibuni, wengi wetu tumelelewa tukiambiwa tupunguze: mwili, sauti, hata hatua. Kwenye harusi moja mwaka jana mama mmoja wa heshima alinishika mkono akauliza kama mume wangu haogopi. Mume wangu ndiye anayepakia vyuma garini. Ninyi mnaoambiwa mna mabega mapana, mapaja makubwa, mkono mzito, hebu njooni mahali ambapo mabega na mapaja hayo yanahitajika. Msikubali kushikishwa utepe wa kupimia. Acheni kuomba radhi kwa umbo ambalo Mungu amewapa. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani asiambiwe na yeyote kwamba amechelewa kuwa mwanariadha. Mkiogopa macho ya watu, macho yatakuwepo hata mkikaa nyumbani. Nendeni uwanjani.

Nirudi kwako, wa Ottawa. Umeuliza pia kuhusu mavazi, kwamba unavaa hijabu na hupendi kuonyesha miguu. Kilti ni lazima, hiyo haina mjadala. Chini yake karibu wanawake wote ninaorusha nao huvaa taiti, na soksi ndefu zinafika magotini, kwa hiyo umesitirika. Mimi mwenyewe hurusha nimefunga kitambaa, na hakuna mwamuzi aliyewahi kunisemesha kuhusu hilo. Chagua cha kubana kisicho na ncha zinazoning'inia, kwa sababu ya nyundo na mnyororo. Mwandikie mratibu wa michezo mapema umweleze, usiulize kwa woga, uliza kama anayejiandikisha.

Kilti mpya ni ghali na si lazima uinunue msimu wa kwanza. Ninayo ya ziada ambayo hainitoshi tena tangu mapaja yaongezeke. Nitumie kipimo cha kiuno na urefu kutoka kiunoni hadi katikati ya goti, nitaituma kwa posta kabla ya Aprili.