Mwalimu wetu hana kaburi: tumkumbuke kwa njia gani?

SWALI

Bwana Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, mkaaji wa Katuba hapa Lubumbashi. Mwalimu aliyetufundisha hesabu katika sekondari, mzaliwa wa India, amefariki. Mwaka 1991, maduka yalipoporwa na mishahara ya Serikali ikawa si kitu, wageni wengi waliondoka, lakini yeye alibaki darasani. Alipostaafu aliendelea kufundisha bure kila Jumamosi barazani kwake, na ni kwenye kilio tu ndipo tulipojua ni watoto wengi kiasi gani aliowalipia minervali, yaani ada ya shule, bila kumwambia mtu. Jamaa zake walimchoma kwa desturi ya Wahindu, wakapeleka majivu kwao. Sisi wanafunzi wake wa zamani tumechanga fedha: wengine wanataka jiwe la marumaru shuleni, wengine karamu, na mmoja amesema kwamba mtu ambaye hata majivu yake yamerudi kwao hakuwa wa hapa. Tumkumbuke kwa njia gani? Tena, kwa nini kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, alikuwa akiandika ubaoni 6174?

JIBU

Mama mpendwa, pole sana wewe na wenzako. Naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo litakalotufungulia lile la kwanza.

Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi tarakimu zote zisiwe sawa. Zipange tarakimu hizo kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha kuanzia ndogo hadi kubwa, utoe namba ndogo katika ile kubwa, halafu ufanye vivyo hivyo kwa jibu ulilolipata. Mimi nilichukua mwaka wa uhuru wetu, 1960. Nilitoa 0169 katika 9610 nikapata 9441. Kutoka hapo nikafika 7992, kisha 7173, 6354, 3087, 8352, na mara ya saba nikafika 6174. Ukiendelea, 7641 ukitoa 1467 ni 6174 tena, na hutatoka hapo kamwe. Hakuna namba inayohitaji zaidi ya hatua saba.

Aliyegundua jambo hilo ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Devlali, jimbo la Maharashtra, ambako alifundisha kuanzia mwaka 1930 hadi alipostaafu mwaka 1962. Aliueleza ugunduzi wake katika mkutano wa wanahesabu huko Madras mwaka 1949, lakini kwa kuwa hakuwa na shahada ya juu, wataalamu wengi wa nchi yake hawakumjali, na jina lake halikuenea duniani hadi mwaka 1975, Martin Gardner alipoandika habari zake katika jarida la Marekani. Kwa hiyo naamini kwamba mwalimu wenu, kila alipoandika namba ile, alikuwa akimkumbuka mwalimu mwenzake wa kwao. Na hakumkumbuka kwa kumsifu, bali aliwapa ninyi chaki mkafanye hesabu yake kwa mikono yenu.

Kuhusu majivu, tafadhali mwambieni mwenzenu kwa upole kwamba amekosea. Kwa Wahindu wengi mwili huchomwa na majivu hutiwa katika maji yanayotiririka, hasa mto Ganga kwa wanaoweza kufika huko. Ni ibada anayofanyiwa marehemu na watoto wake, wala si kuikataa nchi alikoishi. Sisi wenyewe tuna ndugu wanaosafirishwa kutoka Lubumbashi wakazikwe kijijini kwa babu zao, na hakuna anayesema kwamba hawakuwa watu wa mji huu. Aliyebaki mbele ya ubao miaka ile ya 1990, wakati ambapo bila michango ya wazazi walimu wengi wasingekuwa na chakula, amekwisha kulijibu swali la uenyeji wake.

Sasa fedha. Mimi singenunua marumaru. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali hailipiwi, lakini sekondari bado inalipiwa, na hapo ndipo mtoto mwenye akili anapokwama. Tengenezeni mfuko mdogo wa kuwalipia wanafunzi wachache wa sekondari, hata wawili tu, ambao mtawafikisha hadi mtihani wa Serikali, badala ya kuanza na kumi mkawaacha njiani. Daftari la mapato na matumizi liwe wazi kwa kila aliyechanga, na fedha zisitoke bila sahihi za watu wawili. Majina ya watoto, hata hivyo, yasisomwe mbele za watu. Mwalimu wenu alitoa kwa siri ili mtoto asione haya mbele ya wenzake, na siri hiyo ni sehemu ya wema wake. Hata wale mliowajua kwenye kilio, msiwataje.

Kama mnataka siku ya kukutana, 30 Aprili ni siku ya elimu hapa Kongo. Huko India wanafunzi huwaheshimu walimu wao siku ya Guru Purnima, mwezi mpevu wa Juni au Julai. Waulizeni watoto wake wangependa ipi, na lolote mtakaloweka shuleni waombeni ruhusa wao pamoja na mkuu wa shule. Chakula kidogo siku hiyo hakina ubaya.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni lile baraza la Jumamosi, ambalo naona hamkulitaja katika mipango yenu. Kati yenu bila shaka wapo walimu, wahasibu na mafundi wa migodini wanaojua hesabu kwa sababu yake. Wapeane zamu, hata saa mbili kwa juma. Mkianza, niandikieni ni mtaa gani na saa ngapi. Nina mjukuu ambaye hesabu za sehemu zinamsumbua, nami nitamleta.