Maswali ya wasomaji: Michoro ya kuombea chuo

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimemaliza kidato cha sita na ninataka kuomba nafasi Rhode Island School of Design, Marekani. Nina michoro hamsini. Je, niipeleke yote? Msomaji, Tanga.

JIBU: La, ndugu msomaji. Chuo hicho huomba kazi 12 hadi 20, kwa hiyo chagua zile tu unazoweza kuzitetea mbele ya mwalimu mkali. Acha kunakili sura za watu mashuhuri kutoka kwenye simu. Keti uani uchore mikono ya mama anayekuna nazi, mpaka kivuli cha mbuzi kionekane kimelala juu ya mkeka. Kinachonisikitisha zaidi ni mchoro mzuri uliopigwa picha vibaya: upige kando ya dirisha, asubuhi, karatasi ikiwa imenyooka.