Jibu: Mke wangu analia wiki ya tatu tangu ajifungue
Pole ndugu, na hongera kwa mtoto. Umeuliza kama kilio hicho kitaisha chenyewe, na umesema mkeo hapati usingizi usiku. Machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 ni ya kawaida, homoni zimeshuka ghafla. Yakipita wiki 2, shuku sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Hilo la yeye kukodoa macho usiku hata mtoto akiwa amelala fofofo ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Mpeleke kliniki wiki hii, omba apimwe kwa dodoso la Edinburgh, la kupima sonona ya uzazi: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita. La 10 linauliza kuhusu kujidhuru, asilifiche. Akiandikiwa sertralini, dawa ya sonona, huingia kidogo sana kwenye maziwa, aendelee kunyonyesha. Akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hospitali usiku huohuo, na asiachwe peke yake na mtoto.