Anza na baiskeli, Antonioni atasubiri

Ndugu yangu, unasema enzi za chuo ulisinzia katikati ya L'avventura, filamu ya Michelangelo Antonioni, na sasa unataka kuzirudia filamu za Italia za baada ya vita ila hujui uanzie wapi. Usijilaumu. Hata kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1960 watu waliizomea.

Anza na Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, ya 1948. Baba kapata kazi ya kubandika mabango Roma, lakini kazi inataka baiskeli na yake iko rehani. Mkewe anavua mashuka kitandani ili yawekwe rehani badala yake. Hapo ndipo ukaze macho: mfanyakazi wa duka la rehani anayabeba, anapanda rafu ndefu hadi juu, na rafu zote zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. Hakuna anayeeleza kitu. Lamberto Maggiorani, anayeigiza baba, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani tu.

Kisha Umberto D., ya 1952. Kuna asubuhi msichana wa kazi anaamka, anawamwagia maji sisimizi ukutani, anakaa kusaga kahawa, ananyoosha mguu kuusukuma mlango kwa kidole. Ana mimba na machozi yanamtoka. Mimi kipande hicho huwa nakirudisha nyuma.

L'avventura iwe ya mwisho, simu ukiiacha chumba kingine. Yule mwanamke aliyepotea kisiwani hapatikani (samahani, lakini ukijua mapema hutahangaika kumsubiri), kwa hiyo watazame wanaomtafuta, jinsi wanavyoanza kumsahau.