Ukienda campo Marekani na wewe ni Myahudi, liombe jembe mapema

Kuna vijana wa kwetu upande wa Mbale, na wengine wa Kenya na Tanzania, wanapata nafasi za kusoma vyuo vya Marekani, na karibu wote wananiuliza kitu kimoja: nitawapata wapi Wayahudi wenzangu na watanipokeaje. Nawajibu hivi. Kupokelewa utapokelewa, tena vizuri, sahani itajaa na kila mtu atataka kujua jina lako. Shida ni pale unapobaki mgeni hadi mwaka wa nne. Wazee walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sasa kule watu wana adabu nyingi, hakuna atakayekupa jembe, itabidi uliombe wewe mwenyewe.

Mimi nimekulia kati ya Bungoma na Mbale, baba Mkenya, mama ni wa Abayudaya, ile jamii ya Wayahudi wa Uganda iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Nikaenda kusoma Illinois, chuo kikuu cha jimbo pale Urbana-Champaign, mahindi kila upande unaotazama. Wengi hawajui kwamba Hillel, jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi ambayo leo iko kwenye mamia ya vyuo, ilianzia hapo hapo. Mwaka 1923 rabi kijana aitwaye Benjamin Frankel ndiye aliyeianzisha, na mmoja wa waliosukuma jambo lile alikuwa profesa Mkristo, Edward Chauncey Baldwin, aliyekuwa anafundisha Biblia kama fasihi, akaona wanafunzi wake wa Kiyahudi hawajui mambo ya mababu zao, ikamuuma. Mwaka uliofuata shirika la Kiyahudi la B'nai B'rith likaibeba. Frankel akafariki 1927 akiwa bado kijana kabisa, kazi ikachukuliwa na Abram Sachar, mwalimu wa historia wa hapo chuoni, yule ambaye 1948 alikuja kuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Brandeis. Nawaambia haya kwa sababu ukiingia kwenye jengo la Hillel usidhani ni kitu kilichoshuka kutoka juu. Ni watu wachache waliona pengo wakashika kazi.

Sasa ukifika utakuta sehemu mbili kubwa na vyuo vingi vina zote. Hillel ni ya kila mtu, anayesali na asiyesali, wa mikondo yote ya dini yetu, Wareformi, Wakonsavativu, Waorthodoksi wanaoshika sheria za kale, na wale ambao bibi yao tu ndiye alikuwa Myahudi na wanataka kujua. Chabad ni nyumba ya rabi na mke wake na watoto wao, Waorthodoksi wa kundi la Wahasidi, walianza kazi hii ya vyuoni UCLA mwaka 1969, na pale unakula kwenye meza ya familia huku mtoto anakupandia magotini. Nenda kote kote. Usimsikilize anayekuambia uchague wiki ya kwanza. Chakula cha Ijumaa kwa kawaida hulipi chochote, na kwa mwanafunzi wa kutoka kwetu anayehesabu kila dola hilo si jambo dogo, nalisema wazi bila aibu.

Ijumaa yenyewe inataka mipango. Sisi kwetu jua linazama karibu muda ule ule mwaka mzima, saa kumi na mbili na nusu, karibu saa moja, kwa hiyo hujawahi kuishi na Shabati inayohama, maana siku yetu ya mapumziko inaanza Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku, na ndani yake hakuna kupika wala simu. Champaign mwezi wa sita jua linazama saa mbili na robo usiku na zaidi, halafu Desemba linazama kabla ya saa kumi na nusu jioni na mishumaa inawashwa dakika 18 kabla ya hapo, maanake saa kumi na dakika chache uwe umeshaoga, umeshapika, simu umeweka pembeni. Mtu aliyejiandikisha maabara ya Ijumaa mchana semista ya mwezi wa nane anaona bado kuna mwanga wa kutosha, ikifika Novemba saa zinarudishwa nyuma ndio anajikuta amefungwa na ratiba. Kwa hiyo ukichagua masomo ya semista hiyo angalia jua la Desemba, usiangalie la Agosti.

Turudi kwenye jembe. Mimi niliomba jikoni. Nilimfuata dada aliyekuwa anasimamia chakula nikamwambia mimi Ijumaa sina darasa mchana, nipe kazi. Akanipa unga. Mkate wa hala, ule wa Shabati, unasukwa kama nywele, nyuzi tatu au nne au sita, na ukishajua kusuka mbele ya watu kumi wanaongoja wewe umalize ndio waweke tanurini, hakuna tena anayekuona mgeni, watu wanaanza kukutafuta, umepotea wapi wiki iliyopita, unga ulitushinda. Pale jikoni ndipo nilipata marafiki wa kweli, sio mezani. Mezani watu wanauliza unasoma nini na unatoka wapi basi, jikoni mkiwa mmeinamia sinki la sufuria mtu anakuambia baba yake anaumwa.

Si lazima iwe jikoni. Kuna kupanga viti, kuna kusoma Torati kama ulifundishwa nyumbani (vijana wa Nabugoye, kwenye sinagogi letu kule Mbale, wengi mnasoma vizuri kuliko mnavyojidhania, jitokezeni), kuna kupeleka chakula kwa wasionacho mjini, kuna kumsindikiza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye anaogopa kuingia peke yake. Hiyo ya mwisho haina cheo wala hakuna atakayeiandika popote na naiona ndiyo kubwa kuliko zote.

Na nyimbo! Usiziache nyumbani. Abayudaya tuna sauti zetu za Zaburi na za kuipokea Shabati, nyingine kwa Kiganda, na aliyezirekodi zikatoka 2003 chini ya Smithsonian hadi zikateuliwa kuwania Grammy alikuwa Jeffrey Summit, mtaalamu wa muziki ambaye pia alikuwa rabi wa Hillel kule Chuo Kikuu cha Tufts. Yaani rabi wa campo ndiye alibeba sauti za wazazi wetu akazipeleka duniani. Kwa hiyo ukisimama kufundisha wimbo mmoja usione haya, wataimba, na mwaka unaofuata utakuta wanaimba bila wewe kuanzisha.

Utaulizwa sana, ulikuwaje Myahudi? Utaulizwa kwenye foleni ya chakula, utaulizwa na mzazi wa mtu aliyekuja kutembea, na wengi hawana ubaya ila inachosha ukiulizwa kila mahali. Ushauri wangu ni uwe na jibu fupi na jibu refu. Fupi: sisi ni jamii ya zaidi ya miaka mia, niko hapa kusali kama wewe, nipitishie chumvi. Refu litunze kwa mtu aliyekaa chini kusikiliza, umwambie habari za Kakungulu, za Amin alivyopiga marufuku dini yetu na wazee wakawa wanasali kwa kujificha, halafu umwambie kwamba Kampala iliangushwa na jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku ile ile ndiyo Pesach ilikuwa inaingia, sikukuu ya kutoka utumwani. Hadithi hiyo niliitoa kwenye seda ya chuoni, chakula cha usiku wa Pesach, na nakwambia hakuna aliyekumbuka supu.

Kuna jambo gumu pia na sitalificha. Mwaka 2002 marabi wa Kikonsavativu walikuja Uganda wakawaongoa rasmi wengi wa wazee wetu, na rabi wetu Gershom Sizomu alisomea Los Angeles akawekwa wakfu 2008 kwenye mkondo huo huo. Waorthodoksi hawautambui uongofu huo. Kwa hiyo unaweza kuingia mahali wanatafuta watu kumi wa minyani, idadi inayotakiwa kwa sala ya pamoja, mko kumi ukijihesabu na wewe, na bado wanaendelea kutazama mlango. Ilinitokea kwenye chuo kingine nilikoenda kutembea, sitakitaja, na yule kijana aliyeniambia aliniambia kwa upole kabisa, ila upole haukuondoa kitu. Sikuondoka, nilisali na kitabu changu hadi mwisho. Na wewe ikikutokea, usibishane na mwanafunzi mwenzako ambaye hakuiandika sheria ile, lakini pia usikubali ikufanye ujione nusu. Tafuta minyani ya Kikonsavativu au anzisheni, pale utahesabiwa na dada yako naye atahesabiwa. Rafiki yangu wa karibu sana pale Urbana alikuwa Mworthodoksi, tulikuwa tunasali vyumba viwili tofauti kisha tunakula meza moja, na urafiki ule haukutikisika.

Sikukuu za mwezi wa Tishrei zinakuja kwa mkupuo, Rosh Hashana siku mbili, Yom Kippur, Sukkot, Simchat Torah, zote ndani ya wiki tatu na kidogo na mara nyingi ndio wakati mitihani ya kati inaanza. Wiki ya kwanza ya semista keti na kalenda na ratiba ya kila somo, mwandikie kila lekchara imeili moja yenye tarehe zote, useme siku inaanza jioni ya siku inayotangulia maana wengi hawajui, na upendekeze mwenyewe lini utafanya huo mtihani. Illinois ina sheria inayovitaka vyuo vimfikirie mwanafunzi anayekosa darasa kwa ajili ya ibada, sehemu nyingine chuo kina utaratibu wake, uliza mapema. Lekchara anayeambiwa Agosti anaelewa. Anayeambiwa usiku wa kuamkia mtihani hata akiwa malaika atakunja uso.

Tangu Oktoba 2023 mambo ya vyuoni yamekuwa mazito, kuna mlinzi mlangoni sehemu nyingi, na ulinzi ulikuwa umeshaongezeka tangu watu 11 walipouawa sinagogini Pittsburgh mwaka 2018. Utakuta wanafunzi wa Kiyahudi wenyewe hawakubaliani kuhusu Israel na Gaza, wengine wamejeruhiwa na kelele za nje na wengine wanalia kwa ajili ya watoto wa Gaza, na mara nyingine ni mtu yule yule mmoja. Usikubali kufanywa msemaji wa serikali yoyote na usikubali dini yako igeuzwe kuwa kosa. Mimi ninachoweza kusema kwa moyo wote ni kwamba usimpoteze jirani yako Mwislamu. Sisi Mbale tumelima kahawa pamoja, ule ushirika ulioanzishwa 2004 na akina J. J. Keki una Wayahudi, Waislamu na Wakristo, na ulianza kwa mtu kwenda kugonga mlango wa jirani. Mwaliko wa futari ukija, nenda. Na Ijumaa yako, mwalike.

Kuhusu kula: kama kantini haina sehemu ya kosha, chakula kinachofuata sheria za dini yetu, ishi kwa mboga, mayai, matunda, maharage na wali, ununue sufuria yako ndogo uiandike jina. Inawezekana kabisa. Pesach ndio kipimo maana mkate uliochachuka hauliwi, na Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya, kwa desturi yao hawali hata mchele, maharage wala mahindi siku zote nane, sasa mtoto wa Bungoma umwondolee mkate, umwondolee na ugali, abaki na nini? Kamati ya sheria ya Wakonsavativu iliruhusu vyakula hivyo mwishoni mwa 2015, na Wasefaradi wengi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, walikuwa wanakula tangu zamani, lakini jiko la chuo linahudumia watu wote kwa hiyo fuata desturi ya jiko ukiwa jikoni. Pika ugali wako chumbani, sufuria ya Pesach, unga mpya ambao haujafunguliwa.

Na nyie wazazi mnaosoma hii, msishtuke simu isipopokelewa. Msimu wa baridi tunapishana saa tisa, Shabati inaingia Mbale wakati Champaign bado ni Ijumaa asubuhi, inatoka kwenu wakati mtoto bado yuko ndani ya Shabati yake, jumla ni zaidi ya saa 30 ambazo hakuna anayeweza kumpigia mwenzake. Mtoto apige Alhamisi saa nne usiku, kwenu ni Ijumaa saa moja asubuhi. Ikipita hapo, Jumamosi saa nne usiku yake, kwenu Jumapili saa moja asubuhi.